Tulivyogeukia Mlangoni mwa Kanisa

Mchele mpya una harufu yake. Ukitwangwa na kupikwa siku hiyo hiyo, sufuria ikianza kutokota nyumba nzima inanukia, na jirani anajua leo mnakula wali wa shamba. Majengo, pale Mpanda mjini nilikokulia miaka ya tisini, harufu hiyo ilianza kupita uchochoroni kila mwezi wa sita, mpunga ulipotoka bondeni na vinu kuanza kulia kuanzia asubuhi. Kwetu tuliinusa tu kutoka kwa wengine. Mama alikuwa na sheria yake kwamba mchele wa kwanza ni wa Mungu, kwa hiyo mpaka Jumapili ya Mavuno ipite, sisi tuliendelea na ugali wetu huku magunia ya mpunga yakitutazama kutoka kwenye kona ya chumba.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwa kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza. Katekista wetu, mzee mrefu aliyefundisha akiwa amefumba macho, alituambia tutafute kibali cha Mungu kila siku, nyumbani, kisimani na shuleni, tusingoje Jumapili. Neno kibali nililijua kutoka kwa baba. Alikuwa akichoma matofali, na kila msimu alifuatilia kibali cha kuni, akaenda na kurudi, leo bwana mkubwa hayupo, kesho mhuri umefungiwa kabatini. Nikaona basi hata kwa Mungu mambo yako hivyo hivyo, inabidi umwendee mara nyingi mpaka akuchoke. Nikaanza kazi. Nilifagia uwanja wa kanisa kabla ya kwenda shule bila kutumwa na mtu. Nilimchotea maji bibi mmoja asiyeona aliyekaa nyuma yetu. Niliacha sukari kwenye uji. Nilisali rozari nikitembea njiani, nimeinua uso juu kama nilivyoona kwenye picha za watakatifu, mpaka nikakanyaga mwiba.

Nilikuwa na sababu ya kuharakisha. Mwezi wa nne, mpunga ulipokuwa unaanza kukomaa, mimi na Yustina, mwenzangu wa darasani, tulipewa kazi ya kufukuza ndege. Shamba letu na la kwao yalipakana, na mama zetu walikuwa marafiki wa kusuka nywele pamoja na kusimama bega kwa bega kwenye kwaya. Siku hiyo tukasikia honi ya treni ikiingia kutoka Kaliua. Mimi ndiye niliyesema twende tukaione. Yustina alikataa, nikamvuta mkono. Tulikimbia mpaka stesheni, tukatazama watu wakishusha mizigo na kuku kupitia madirishani, tukasahau kabisa kwamba duniani kuna ndege. Tuliporudi bondeni, kwelea kwelea walikuwa wamekula upande mzima wa mpakani, kwetu na kwao, mabua yamesimama matupu.

Mama aliponiuliza, nilisema ni Yustina aliyenivuta. Neno lilitoka haraka, kama mate. Jioni ile mama akaenda uani kwa Mama Yustina, maneno yakapanda, na mwisho mama akasema neno ambalo mpaka leo hapendi nimkumbushe. Alisema, "Nyie mliokuja juzi ndio mnaotuharibia watoto." Mama Yustina alizaliwa Burundi, akaingia nchi hii akiwa mgongoni mwa mama yake. Aliokota ndoo yake akaingia ndani.

Baada ya hapo zikapita wiki nyingi za kutosemeshana. Jumuiya ilipokuja kusali kwetu, Mama Yustina hakuonekana. Kwenye kwaya alihamia mwisho wa mstari, halafu akaacha kuja kabisa. Darasani Yustina alibadilisha dawati. Jambo lililonikosesha amani zaidi ni kwamba hakunisema kwa mtu yeyote. Nilikuwa namwona uwanjani akiruka kamba na wengine, nami narudi kwenye ufagio wangu, nafagia hata pasipo na taka.

Jumapili ya Mavuno ikafika. Mama alivaa kitenge chake kipya, akajitwisha kikapu cha mchele uliopepetwa mpaka ukang'aa, nami nikabeba maboga mawili. Uwanja ulikuwa umejaa watu wenye mihogo, karanga, mikungu ya ndizi, hata mbuzi mmoja aliyekuwa akila maua ya mapambo. Ngoma za kwaya zilishaanza ndani. Tulipofika mlangoni mama alinigeukia akaniambia kwa furaha, "Skola, mwaka huu Mungu ametuona." Sikuweza kupita. Nilisimama pale pale na maboga yangu.

"Mama, ni mimi," nikasema. "Kwenda stesheni. Yustina alikataa, mimi nikamvuta."

Nilingoja kofi. Badala yake mama alishusha kikapu polepole, akakiegemeza kwenye ukuta, akanishika mkono, akageuka. Watu walikuwa wanaingia, sisi tunatoka. Mwanamke mmoja akauliza, "Mama Skola, mbona mnarudi?" Mama akamjibu, "Nimesahau kitu nyumbani kwa mtu."

Mama Yustina alikuwa uani anachambua maharage. Mama alipiga magoti mbele yake, kitenge kipya kwenye vumbi, nami nikapiga magoti kando yake.

"Mtoto wangu ndiye aliyekosa," mama akasema. "Lakini neno lile nililitamka mimi, si mtoto. Nisamehe, dada yangu."

Mama Yustina aliacha mikono ndani ya ungo. "Mie sina kwetu kwingine," akasema. "Kwetu ni hapa." Mama akaitikia, "Ni hapa. Ni kwako kama kwangu." Wakalia wote wawili. Kisha Mama Yustina akajifuta kwa upindo wa kanga akauliza, "Na mavuno yako yako wapi?"

"Nimeyaacha mlangoni."

"Mlangoni? Na kuku wa padre walivyo wengi pale?"

Sijawahi kuona wanawake wawili wakikimbia vile. Yustina alitoka ndani na kapu la maharage ya kutolea, tukawafuata huku tukicheka kabla hata sijamwomba msamaha. Nilimwomba tukikimbia, akasema, "Kimbia kwanza." Kuku watatu walikuwa wameshakula mpaka katikati ya kikapu. Tukaingia wakati maandamano ya vipaji yamekwisha na padre ameshageukia altare. Akasikia vigelegele nyuma, akageuka, akashuka ngazi na kungoja. Mama na Mama Yustina walipita katikati ya kanisa wakiwa wameshika kikapu kimoja, huyu mkono huu, yule mkono ule.

Mchana ule tulikula wali, nyumba mbili kwenye sinia moja. Sikuchapwa. Msimu uliofuata, hata hivyo, nilifukuza ndege mashamba yote mawili wiki nzima, Yustina amekaa kivulini anatafuna muwa na kunielekeza.

Leo Mpanda ni makao makuu ya mkoa, kuna lami na bajaji, na makanisa yana spika zinazosikika mpaka mtaa wa tatu. Kwenye simu yangu kila wiki unaingia ujumbe wa ibada ya kuombea kibali: cha kazi, cha ndoa, cha biashara. Siwacheki wanaokwenda, maana mimi nilikitafuta cha kwangu kwa ufagio. Ila naona nimekuwa mzito kuliko yule mtoto wa miaka kumi. Mwaka jana nilinuniana na wifi yangu miezi minne, na miezi yote hiyo sikukosa misa wala sadaka, wala hakuna aliyejua. Siku nilipompigia hatimaye, nilikuwa nimeshafika kanisani. Nilitoka nje, nikasimama juani, nikasikiliza simu ikiita. Akapokea.