Meli ya Babu Yake Mzee Sudi

Wiki iliyopita, kwenye mapokezi ya gesti moja Kibondo, niliona mchoro wa rangi ya mafuta: meli kubwa ya moshi baharini, mabomba manne yakifuka. Ulifanana kabisa na ule uliotundikwa, enzi za utoto wangu, dukani kwa Mzee Sudi, Kasulu, juu ya magunia ya dagaa yaliyonuka.

"Meli ya babu yangu hiyo. Msalimieni!" mzee alituamuru sisi watoto.

Tukapiga magoti, tukaipigia makofi kama tulivyosalimia wazee nyumbani. Mimi nilidhani kila bomba ni jiko la mke mmoja, nikamheshimu babu zaidi.

Mwongo mkubwa yule! Hata mto Malagarasi aliuvuka amefumba macho kwa kuogopa maji.

"Umeipenda?" dada wa mapokezi aliniuliza. "Ilikuwa ya babu yake bosi."

Safari hii mikono yangu ilibaki mfukoni.