Mizani ya Ezekieli

Namtaja kwa jina: Ezekieli, mnunuzi wa maharage hapa Kitahana, ndiye aliyeniaibisha. Nilipopona kiharusi, nesi aliniambia nisipopunguza uzito wangu wa kilo tisini na sita kitarudi. Basi nikala ugali wa muhogo nusu, na shambani nikawa naenda kwa miguu badala ya bodaboda. Baada ya miezi miwili nikapanda mizani ya maharage ya Ezekieli: themanini! Nikatangaza kanisani. Magauni nikampa fundi Stela ayapunguze. Yaliponibana, nikamlaumu yeye.

Jana kliniki, mizani ikasoma tisini na mbili. Nikafoka mbele ya foleni nzima, "Nesi, mashine yenu mbovu! Kwa Ezekieli nina themanini!"

Nesi akacheka. "Mama Yona, umepungua kilo nne za kweli. Endelea hivyo hivyo."

Nikashuka nimefurahi. Kumbe foleni inapiga hesabu. Bibi mmoja akasema, "Mwe! Kama Ezekieli kampunja Mama Yona kilo zote hizo, maharage yetu je?"

Wote wakanigeukia. Mimi ndiye niliyewapeleka kwa Ezekieli msimu huu, nikiwaapia ni mwaminifu, maana anatupima bure.