Jini Aliyepika Papa

Watoto wa mtaani kwetu Maskati walikuwa wakiamini kwamba nyumba yetu ina jini. Hawakukosea sana, ila jini mwenyewe alikuwa mama yangu.

Mama alikuwa mtu mwema, mcheshi, na mkono wake wa kupika mpaka leo sijaupata. Tulihama Unguja mwaka wa sitini na nne, baada ya yale yaliyotokea, tukafikia Maskati kwa jamaa za baba. Mchana mama alikuwa mtu wa watu. Lakini magharibi ikishaadhiniwa anatia komeo, na mlango haufunguliwi tena isipokuwa baba akirudi msikitini, naye lazima aite ili sauti yake itambuliwe. Akigonga mwengine yeyote, hata jirani wa ukuta mmoja, mama anatukusanya mimi na dada yangu chumba cha ndani na kutunong'oneza, "Nyamazeni! Hatumo!"

Sasa Maskati kuna usiku mmoja mzuri, katikati ya Ramadhani, wenyewe wanauita karankasho. Watoto wanavaa nguo za kupendeza, wanashika mawe au makombe ya pwani, wanayagonganisha na kuimba nyumba hadi nyumba wapewe halua, njugu na peremende. Ukiwapa wanakuombea dua. Usipowapa, wanauimba ubakhili wako mpaka mtaa wa pili usikie. Sisi tuliimbiwa kila mwaka. Na kwa kuwa waliotega sikio mlangoni walisikia mnong'ono wa Kiswahili, lugha wasiyoijua, wakakata shauri kwamba humo mna jini.

Mimi nilikuwa kigori, na hasira zangu ziko puani. Wakinikuta kisimani wananiuliza, "Jini wenu anakula nini?" Nami nawarukia. Nikirudi nyumbani kanzu imechanika, mama ananicheka. "Mkizi wangu huyo! Wanakuchokoza kwa sababu wanajua utaruka." Ilikuwa inaniudhi zaidi kwamba anacheka, maana fujo zote zile nilikuwa nazibeba kwa ajili yake.

Mwaka wa sabini dada alikuwa akimsaidia nesi wa Kimarekani hospitalini. Siku moja, mwezi wa Ramadhani ukiwa bado kuandama, alirudi na kitu alichokifunga kwenye kitambaa. Nesi alikuwa amefanya sherehe ya kwao, ya msimu wa majani kupukutika. Ati usiku huo watoto wanavaa vinyago vya kutisha na kuzunguka majumbani kuomba peremende.

"Wanajigeuza mashetani kwa hiari yao?" mama akauliza. "Lo! Sisi tunalipa waganga watutolee mashetani, wenzetu wanayavaa!"

Akakifungua kile kitambaa. Ndani mlikuwa na mkate uliokunjwa katikati, umetiwa nyama ya kopo.

"Unaitwaje huu?"

"Taco," dada akajibu, na papo hapo akafinywa paja, kwa sababu baba alikuwa barazani na kwetu tako halitajwi mbele ya mzazi. Kuanzia siku ile tukauita mkate wa nesi.

Mama akaonja, akatafuna taratibu, akatazama dari. "Maskini, mtoto wa watu," akasema. "Nyama haina chumvi wala ndimu, na mkate umelala. Yuko mbali na kwao, hana wa kumpikia." Nilipomwona anaulambalamba mkono wake nilijua kwamba lile jambo halijesha.

Ramadhani ikaingia, mama akajipa kazi. Alikwenda kwa jirani kujifunza mkate wa rakhal, ule mwembamba kama karatasi, unaopakwa kwa mkono juu ya chuma cha moto. Wenyewe wanauacha ukauke ukatikekatike. Mama akaona vyengine. Aliubandua ungali laini, akauning'iniza juu ya mpini wa mwiko, ukakauka hapo hapo umejikunja kama mwezi mchanga. Ya mwanzo ilivunjika yote, tukaila vipande vipande na chai. Ndani alitia papa mkavu, amemchemsha na kumchambua, akamkaanga kwa vitunguu, bizari na pilipili, juu kachumbari na chatini ya ukwaju. Wallahi, nikikumbuka mate yananijaa.

Siku zile zile kisimani alinijia kiongozi wa wale wachokozi, kitoto cha kike chenye pengo, akaniuliza kwa adabu safari hii, jini wetu anatolewaje nje. Nilikuwa nimechoka kupigana.

"Hamjui kumwita," nikamwambia. "Mnagongagonga mawe tu kama wendawazimu. Kwetu mtu anapiga hodi, kisha anangoja."

"Hudi," akasema. "Hudi, hudi." Akaenda zake analirudia, nami nikasahau.

Ikafika siku ya karankasho. Tangu alasiri mama yuko jikoni, na sinia limejaa mikate ya nesi mpaka baba akashangaa. "Unalisha jeshi?"

"Futari haihesabiwi, bwana."

Tukafuturu, baba akaenda tarawehe, mama akatia komeo. Mikate iliyobaki ingetosha mtaa mzima. Nikatazama sinia, nikamtazama yeye.

"Mama, leo tuwafungulie."

"Mlango hauguswi."

"Sasa umewapikia nani?"

Akalifunika sinia. Hasira zikanipanda. "Basi kweli sisi majini!" nikapiga kelele. "Wana haki ya kutuimba! Mtu gani anapika hivi halafu anajificha?"

Dada akanivuta nguo, nimeshachelewa. Mama akakaa juu ya mkeka. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha.

"Usiku ule Unguja," akasema, "mlango niliufungua mimi. Mjomba wenu aliniambia nisifungue. Zilikuwa siku za kuvunja jungu, watu wanakula na kupelekeana vyakula kabla ya mfungo, nikadhani ni jirani kaleta sahani. Hawakupiga hodi. Waligonga tu, nami nikafungua, wakaingia wakamchukua."

Mjomba tulijua kwamba alichukuliwa na kwamba hakurudi. Nani aliyefungua mlango, hatukupata kuambiwa. Nililia. Nikamlalia mapajani kama mtoto mchanga.

Tukasikia mawe. Yalikuja yakigongana uchochoroni, nyimbo juu, mpaka mlangoni petu, kisha kimya. Mama akaushika mkono wangu.

"Twendeni," mmoja akasema nje kwa Kiarabu. "Hapa hapana kitu. Hapa pana jini."

"Lakini panatoka harufu," mwengine akasema. "Jini anapika papa?"

Mama alikuwa anakifahamu Kiarabu vizuri siku hizo. Nikahisi tumbo lake linatikisika, nikadhani analia. Khaa, kumbe anacheka!

Kisha kikaja kisauti kimoja, chembamba, chenye pengo.

"Hudi!"

Wakangoja.

"Huudi!"

"Karibu!" mama akaitika.

Lilimtoka lenyewe. Alijiziba mdomo kwa mkono, akatutazama mimi na dada kama aliyeitika ni mmoja wetu. Lakini mtu akishakaribisha amekaribisha. Akasimama, akajitanda kanga, akaliendea komeo. Lilimpa taabu, nasi hatukumsaidia.

Mlango ulipofunguka watoto walipiga ukelele wakatawanyika, fanusi zao zikirukaruka uchochoroni. Akabaki yule mwenye pengo, mfuko wake ameukumbatia.

"Wewe ndiye jini?"

"Ndiye mimi," mama akamjibu. "Haya, kula."

Akala. Chatini ikamchirizika mpaka kwenye kisugudi cha mkono, akageuka akawaita wenziwe kwa mdomo uliojaa. Wakarudi mmoja mmoja, kisha wote, kila mmoja anapiga hodi yake hata mlango ukiwa wazi, na mama anamwitikia kila mmoja, karibu, karibu mwanangu, mpaka sinia likabaki makombo.

Baba aliporudi alituona toka mbali, mlango wazi na taa inamwaga mwanga nje. Alikuja mbio, kofia mkononi, hana pumzi.

"Kuna nini? Nani kafungua mlango?"

Mama alikuwa amekaa kizingitini, miguu nje, anakula kipande cha mwisho.

"Mimi," akasema. "Wamepiga hodi, bwana."