Kanyere wa Uwanja wa Udongo

Watu wa Saio, mtaa mmoja wa Bunia, wanapomtaja Kanyere hawasemi kwanza kwamba anauza vikwembe, yaani vitenge, soko kuu, ingawa meza yake inajulikana. Wanasema, "Ule mwanamuke wa tenisi." Naye akisikia hivyo hugeuka taratibu, kama mtu aliyeitwa kwa jina alilolitolea jasho.

Hakuzaliwa Bunia. Alitoka Butembo akiwa msichana wa shule, akimfuata kaka yake Mumbere aliyekuja kufungua duka la misumari na mabati wakati risasi zilipoanza kunyamaza. Wengi waliwaona wehu. Mumbere akawajibu kwamba mji uliochomwa ndio unaohitaji mabati. Wakapanga nyumba ya vyumba viwili Saio, wakaanza maisha.

Nyuma ya jengo la zamani la klabu kulikuwa na kiwanja ambacho enzi za Wabelgiji kilikuwa cha tenisi. Vita vilipita juu yake kama vilivyopita juu ya kila kitu. Kundi moja la wapiganaji lilikigeuza maegesho ya magari, jingine likapiga hema, na mwishowe majani yakakimeza. Aliyekumbuka kwamba chini ya majani yale mlikuwa na uwanja ni muzee Jérôme, fundi wa kushona viatu, ambaye zamani aliwaokotea wazungu mipira hapo kisha akajifunza kucheza kwa kuwatazama. Amani ilipoonekana kushika kidogo, alichukua jembe akaanza kufyeka peke yake. Alipofika kwenye udongo aliuonja kwa ncha ya ulimi na kutema.

"Imeharibika na mafuta ya gari," akasema. "Tutatafuta ingine."

Udongo mzuri wa tenisi ni wa kichuguu. Mchwa wameusaga wenyewe, wameuchanganya na mate yao, nao ukimwagiwa maji na kushindiliwa hukaa mgumu usipasuke. Muzee Jérôme aliukuta mwingi kando ya barabara ya Marabo. Juu yake ilitakiwa kunyunyizwa matofali yaliyopondwa, na matofali Bunia hayakukosekana, maana nyumba zilizoanguka zilikuwa nyingi. Kanyere alipita hapo siku moja akitoka shule, akaona vijana na kina mama wachache wakiponda vipande vya kuta kwa nyundo. Akaweka begi chini, akaomba nyundo. Hakujua ni kazi ya nini. Alipenda tu kuona kitu kikijengwa.

Kazi ilipokwisha muzee alimpa raketi nzito ya mbao. Kanyere aliupiga mpira wa kwanza ukavuka ukuta, na wa pili ukaufuata.

"Weye iko na haraka," muzee akamwambia. "Hapa si simenti. Ku simenti mupira inakimbia, mwenye nguvu anashinda. Ku udongo inapunguza mwendo, inaruka juu, inakungojea. Na weye uingojee. Mwenye kuchoka roho wa kwanza, ule njo anashindwa."

Maneno hayo yalimkaa. Akajifunza kuteleza: kukimbia, kisha kuuacha mguu usafiri wenyewe juu ya vumbi jekundu mpaka ufike penye mpira. Magoti yalichubuka, soksi hazikurudi tena kuwa nyeupe. Mumbere alinung'unika kwamba dada yake anarudi nyumbani kama mtu aliyelima shamba, lakini hakumkataza. Kufikia wakati ameolewa, amejifungua wawili na kufungua meza yake ya vikwembe, hakukuwa na mwanamke wa kumshinda Bunia nzima.

Ndipo akaja Émilienne.

Huyu alikuwa Mualur, mtu wa kabila la Alur kutoka Mahagi, mrefu, mwenye mkono wa kushoto uliopiga kama mlango unaofungwa na upepo. Tenisi alijifunza Kampala alikokuwa akisoma, kwenye viwanja vya simenti. Bunia alikuja kwa biashara ya samaki. Alishuka ziwani, Kasenyi, akapandisha mjini makayabo, yaani samaki wa chumvi, na samaki wabichi, na kila alipokuwa na nafasi alifika uwanjani. Mara ya kwanza alipocheza na Kanyere alimfunga bila kumpa hata pumzi. Alitoa servisi, akakimbilia wavuni, akaumaliza mpira hewani kabla udongo haujapata nafasi ya kuupunguza mwendo.

Kanyere alimpa mkono, akaenda nyumbani, akapika, akala. Lakini usiku ule mumewe alimsikia akigeuka kitandani, na asubuhi, kabla ya soko, alikuwa tayari uwanjani akipiga mipira ukutani.

Hivyo ndivyo ulivyoanza ushindani ambao Bunia iliufuata kwa miaka. Mara Émilienne anashinda, mara Kanyere, lakini mashindano yenye kombe yalizidi kumwendea Émilienne. Wakati wa Roland-Garros, mashindano makubwa ya udongo, watu walijaa kwenye nganda, baa yenye televisheni kubwa, na wanawake hao wawili walikaa meza moja wakibishana. Kulikuwa na mabingwa wawili wa dunia waliokuwa wakifukuzana enzi zile. Mmoja alitawala kwenye majani na simenti, lakini kila alipokanyaga udongo mwekundu wa Paris mwenzake alimkalia.

"Bingwa yangu iko na mchezo muzuri kupita," Émilienne alisema.

"Muzuri, ndiyo," Kanyere akajibu bila kutoa macho kwenye televisheni. "Lakini angalia ule mwingine. Hana haraka. Anarudisha, anarudisha, mpaka mwenzake anajikosesha mwenyewe."

"Njo mana unamupenda. Anachosha watu kama weye."

Wakacheka wote wawili. Walipendana kwa namna yao. Walikuwa wakisomana kama watu wanaosafiri pamoja miaka mingi, kila mmoja akijua mwenzake anashusha pumzi lini. Watazamaji ndio waliokuwa na shida. Wanande wenye maduka, watu wa kabila lake, walikuwa wa Kanyere, watu wa Mahagi na wa ziwani walikuwa wa Émilienne, na katika mji ambao watu walikuwa wamezoea kuulizana "weye ni wa wapi" kabla ya kusalimiana, kelele za uwanjani zilianza kuwa na ladha nyingine.

Ituri, eneo la Bunia, ilipofanywa jimbo, viongozi wa tenisi walitangaza mashindano ya kumpata mwanamke wa kwanza wa kuliwakilisha kwenye mashindano ya Kisangani. Hakuna aliyeshangaa fainali ilipokuwa ya wale wawili. Ikapangwa Jumapili baada ya misa.

Ijumaa Émilienne alishuka Kasenyi kama kawaida, kwa kuwa samaki hawangojei fainali. Jumamosi risasi zilisikika upande wa kusini wa barabara, na magari yote yaliyokuwa yakipanda yalizuiliwa Bogoro. Jumapili, saa ya mchezo, uwanja ulikuwa umemwagiwa maji, mistari imechorwa kwa chokaa, watu wamejaa mpaka juu ya ukuta, na upande mmoja wa wavu hakuna mtu.

Liévin, mwalimu wa shule aliyekuwa mwamuzi na mkuu wa kamati, alingoja, akatazama barabara, akangoja tena. Hatimaye akainua mkono. "Ni forfait, mwenzake hakufika. Kanyere njo bingwa wa jimbo."

Upande wa wenye maduka ulianza kupiga makofi. Kanyere alisimama kwenye mstari wa nyuma akiwa na raketi mkononi, hakusogea. Liévin alimpelekea kombe. Akaliangalia.

"Sitaki," akasema.

Mumbere alishuka kutoka kwa watu, uso umemwiva. "Dada, chukua. Sheria njo ile. Kama ungekuwa weye Bogoro, wangekungojea?"

"Sijui. Labda hapana."

"Sasa?"

"Yaya," akamjibu kaka yake, "miaka yote hii namutafuta ule mwanamuke. Amenishinda fainali mbele ya watoto yangu. Leo munataka nishinde kiti yake tupu?" Akamgeukia Liévin. "Nitacheza naye siku atapanda. Kama kamati haitaki, pelekeni mutu mwingine Kisangani."

Alichosema hakikuwa huruma, na mwenyewe baadaye hakupenda watu waliposifu moyo wake mwema. Ilikuwa ni majivuno, alisema, majivuno matupu. Alitaka kumshinda Émilienne na si barabara ya Bogoro. Liévin akalirudisha kombe mfukoni mwa begi lake. Siku mbili Mumbere hakusema na dada yake.

Barabara ilifunguliwa Jumanne. Émilienne aliingia mjini juu ya lori la samaki, nywele zimejaa vumbi. Habari zilikuwa zimemtangulia. Hakwenda nyumbani, alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya vikwembe.

"Wananiambia umekataa kombe."

"Umelala wapi?" Kanyere akauliza.

"Chini, kanisani Bogoro, na bamama wengine. Wamenitunza muzuri."

"Basi nenda ulale. Tutacheza kesho jioni. Na usinifikirie mutu wa mungu. Kesho sitakuachia hata pointi moja."

Émilienne akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. "Ukiniachia, sitakusamehe."

Asubuhi ya Jumatano ilinyesha. Muzee Jérôme, ambaye sasa alitembea na fimbo, aliwafukuza wote uwanjani mpaka jua liukaushe udongo. Hata hivyo ulibaki na unyevu, mzito, na mipira iliukusanya ikawa kama viazi. Seti ya kwanza Émilienne hakuujali uzito ule. Alipiga, akafuata wavuni, akamaliza. Watu wake waliimba. Seti ya pili mambo yaligeuka. Kanyere aliacha kupigania kila kona. Akaanza kuirudisha mipira juu, juu sana, ikitua karibu na mstari wa nyuma na kuruka mpaka mabega ya mwenzake, tena na tena, kwa subira ya mtu anayechambua maharage. Émilienne alianza kupiga wavuni. Mkono wa kushoto ulichoka. Seti ikawa ya Kanyere.

Seti ya tatu hakuna aliyekaa. Waliteleza, wakainuka, jezi zote mbili zikawa rangi moja na uwanja. Walifika mwisho wakiwa sawa. Liévin alikuwa akitangaza "égalité" kwa sauti iliyokauka, na hapo ndipo Kanyere alipotuma mpira wa pembeni ambao Émilienne hakuugusa.

"Faute," akasema mwamuzi wa mstari, yaani mpira umetoka nje. Alikuwa kijana wa Mahagi.

Vijana wa madukani waliruka chini kutoka ukutani. Wanawake wa samaki nao wakasogea mbele. Mtu mmoja alitamka neno moja baya la kabila, si kwa nguvu, lakini lilisikika. Kila mtu mzima aliyekuwepo alilijua neno lile lilikoanzia na lilikowahi kuwafikisha. Kina mama wawili walishika watoto wao mikono na kuangalia njia ya kutokea.

Udongo una tabia moja ambayo simenti haina. Mpira ukitua huacha alama. Émilienne alitembea mpaka pale, akainama, akatazama. Kisha akamwita mwenzake kwa kidole. Kanyere alizunguka wavu, akaenda kusimama kando yake. Wakainama wote wawili, vichwa vikikaribiana kugusana, mbele ya watu wote.

"Unaona?" Émilienne akauliza.

"Ninaona."

Alama ilikuwa ndogo, ya mviringo, na ukingo wake ulikuwa umechukua chokaa. Kidogo tu, lakini umechukua. Émilienne alinyoosha mgongo, akaweka kiatu chake juu ya alama ile, akaifuta. Ndivyo mchezaji wa udongo anavyosema kwamba mpira ulikuwa ndani na hakuna tena la kujadili.

"Iko bon," akamwambia Liévin, kwa sauti ya kufika mpaka ukutani. "Mupira yake iko ndani. Nimeona na macho yangu."

Kijana wa mstari akainamisha kichwa. Waliosimama wakatazamana, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kupigana kwa niaba yake, wakakaa, mmoja mmoja. Liévin akatangaza avantage: Kanyere alibakiza pointi moja tu ashinde.

Pointi iliyofuata ilikuwa ndefu kuliko zote. Mpira ulivuka wavu tena na tena mpaka watu wakaacha kupumua. Émilienne akaja mbele, akarudishwa nyuma, akaja tena. Halafu Kanyere, ambaye tangu seti ya pili alikuwa amepiga juu na mbali, akaugusa mpira kidogo tu, kama anayemgusa mtoto aliyelala. Ukavuka wavu, ukatua kwenye udongo wenye unyevu, ukakataa kuruka. Émilienne aliteleza mpaka magoti yakafika chini. Raketi yake ilifika, lakini mpira ulikuwa umeshagusa chini mara ya pili.

Kanyere hakurusha mikono. Alivuka wavu, akampa mwenzake mkono, akamwinua, na wakabaki wameshikana hivyo, kila mmoja akihema kwenye bega la mwenzake. Makofi yalitoka pande zote mbili. Muzee Jérôme alikuwa akifuta macho kwa kofia yake, akidai ni vumbi, ingawa uwanja ulikuwa umelowa. Mumbere alishuka, akachukua begi la dada yake, akalibeba begani mpaka Saio, akisalimia kila mtu njiani ili waone ni begi la nani.

Kisangani Kanyere alikuta uwanja wa simenti. Msichana aliyekuwa nusu ya umri wake alimtoa siku ya pili, lakini si kabla ya kutoa jasho ambalo hakulitarajia.

"Mama, umejifunzia wapi kurudisha mipira yote vile?" msichana akamuuliza.

"Bunia," akasema Kanyere. "Siye tuko na udongo. Tulijenga siye wenyewe."

Mwaka uliofuata Émilienne alilichukua kombe, kwa seti mbili, siku ya jua kali. Kanyere alimchagulia kikwembe kizuri kuliko vyote mezani pake avae kwenye ndege ya Kisangani, akamfunga mwenyewe kiunoni. Na mteja akimuuliza leo ni nani kati yao aliyekuwa bora, hukunja kitambaa alichokuwa anakionyesha, akafikiri kwa dhati, kisha humjibu kwamba inategemea kama mvua ilinyesha.