Sanduku la Breki za Mbele

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa spana namba kumi nikaambiwa niharibu baiskeli mpya. Sisemi hivyo kwa mzaha. Karakana ilikuwa nyuma ya kiwanda cha chai, upande wa Kericho, bati juu na saruji chini, na vumbi la majani makavu lilikuwa linaingia mpaka kwenye sanduku la vyombo. Baiskeli nane nyeusi zilikuwa zimeletwa kwa ajili ya masupavaiza, wale waliokuwa wakizunguka mashambani kuangalia wachumaji. Foreman wa karakana, Mkipsigis mrefu wa maneno machache, alizipanga ukutani akanyooshea kidole gurudumu la mbele.

"Hii preki ya mbele, toa," alisema. "Yote. Tia kwa sanduku."

Nikauliza kama zimeharibika.

"Mimi sijakuuliza kama zimeharibika. Nimesema toa."

Siku hizo breki zilikuwa za fimbo, si za waya. Unabana kishikio, fimbo ya chuma inavuta raba mbili, raba zinashika ringi. Nikafungua nati, nikatoa fimbo na raba zake, nikatupa ndani ya sanduku la mbao lililokuwa kwenye kona ya stoo. Halikuwa tupu. Zilikuwamo breki nyingine nyingi, nzima, rangi haijachubuka.

Sababu nilikuja kuisikia baadaye. Zamani kidogo supavaiza mmoja aliteremka mlima akiwa na haraka, akabana breki ya mbele peke yake, kwa nguvu zote, akarushwa juu ya usukani na meno mawili yakang'oka. Meneja wa shamba akatoa amri: kuanzia leo baiskeli ya kampuni isiwe na breki ya mbele. Hakuna aliyefikiria kumfundisha mtu kubana zote mbili, polepole. Mtu mmoja aling'oka meno, na mlima mzima ukanyang'anywa breki. Na kwa kuwa kampuni ilifanya hivyo, mafundi wa sokoni wakaiga, kutoka Kericho mpaka Sigor. Ukinunua baiskeli, jambo la kwanza ni kumpelekea fundi aitoe breki ya mbele. Mpaka leo wapo wanaofanya hivyo, na wanakuelezea kwa sauti ya mtu anayejua.

Kwa mambo mengine Foreman alikuwa fundi wa kweli, na sitamnyima haki yake. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba baiskeli haitengenezwi kwa pesa, inatengenezwa kwa macho. Cheni alikuwa anaipima kwa rula, kutoka pini hadi pini: inchi kumi na mbili kamili. Ikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita, badilisha. Ukiiacha ifike moja ya nane, imekwisha kula meno ya friweli, yaani ile sproketi ya nyuma, na sasa utanunua vyote viwili. Gololi alikuwa anazimwaga kwenye kitambaa cheupe na kuziviringisha moja moja. Yenye doa inatupwa. Koni inayozibana, kama haina mkwaruzo, inarudi kazini. Tairi la nyuma likilika tunalitupa, la mbele linahamia nyuma, na jipya linafungwa mbele, kwa sababu tairi la mbele likipasuka huna pa kwenda.

Siku aliyonieleza habari ya tairi nilimuuliza, "Kama mbele ndiko muhimu hivyo, kwa nini breki hatuweki?"

"Wewe Mkisii," alisema, "maneno yako ni mengi."

Baadaye nikahamishiwa Boito, kule Konoin, nikawa fundi wa divisheni nzima. Mkubwa wangu alikuwa Meneja wa Divisheni, mtu wa viatu vinavyong'aa hata wakati wa matope. Huko ndiko nilikomfahamu Kirui, karani wa mizani. Kazi yake ilikuwa kupima majani ya wachumaji na kuyaandika, kisha kila alasiri kuteremka na kitabu mpaka kiwandani. Kati ya makarani wote niliowahi kuwahudumia, huyu alikuwa anaitunza baiskeli kama ng'ombe wa maziwa. Aliifuta kila siku. Raba za breki zikianza kung'aa alizileta nizipige msasa kabla sijamwambia. Baiskeli yake niliipokea mimi ikiwa mpya, na breki yake ya mbele niliitoa mimi.

Mtu wa huku hahitaji kuambiwa kuhusu mvua ya alasiri. Siku hiyo ilimkuta Kirui akiwa kwenye mteremko wa kuelekea kiwandani, ule unaoishia kwenye daraja la mbao lisilo na ukingo. Ringi ya chuma ikilowa huwa kama imepakwa sabuni. Alibana breki ya nyuma, gurudumu likajifunga, likaserereka, akaanguka darajani mpaka kwenye mawe. Goti la kulia lilivunjika vibaya, na tangu siku hiyo halijakunjika tena.

Meneja wa Divisheni aliniita ofisini. Ripoti ilikuwa mbele yake tayari.

"Fundi, breki ya ile baiskeli ilikuwa inafanya kazi?"

"Ndiyo, bwana."

"Uliikagua lini?"

"Jumatatu, bwana. Raba zilikuwa nzuri."

Akaandika. Nilisoma neno hilo likiwa kichwa chini upande wangu wa meza: *uzembe wa mwendeshaji*. Kirui alifutwa kazi akiwa bado kitandani. Na mimi nilikuwa sijasema uongo hata mmoja, si ndiyo? Breki ilikuwa inafanya kazi. Aliuliza breki moja kwa sababu ilikuwako moja, nami nikajibu hiyo moja. Hasira niliyo nayo juu ya jibu hilo haijapungua, na nusu yake ni juu yangu mwenyewe.

Sikupata amani. Jumapili moja ya mvua nilichukua breki kutoka kwenye sanduku (Boito nako tulikuwa na sanduku letu), nikaifunga kwenye baiskeli yangu, nikaenda kwenye mteremko uleule. Nilianzia kwenye lango la shamba bila kukanyaga pedali, ili mwendo uwe mmoja kila mara, na nilipofika kwenye jiwe moja jeupe kando ya njia nikabana. Kwa breki ya nyuma peke yake nilisimama baada ya hatua thelathini na moja. Kwa zote mbili, hatua kumi na nne. Nikarudia mara tano, nguo zikinigandia mwilini. Sikurushwa juu ya usukani hata mara moja.

Jumatatu nilimpelekea Meneja hesabu hiyo kwenye karatasi.

"Nani alikutuma kupima?" aliuliza.

"Hakuna, bwana. Nilitaka kujua."

"Sasa umejua. Ripoti imekwenda Kericho na sahihi yangu iko chini. Unataka niandike nyingine niseme breki ilitolewa na kampuni?" Aliikunja karatasi yangu mara mbili akanirudishia. "Rudi karakana, Mogaka. Wewe una watoto."

Nikarudi. Nilikaa kimya miaka mingi kuliko umri wa wengi mnaosoma haya. Lililobaki nililifanya kwa ujanja wa woga: kila aliyeniletea baiskeli yake binafsi nilimrudishia breki ya mbele bila kumuuliza, nikamwonyesha kubana zote mbili. Lakini zile za kampuni niliendelea kuzitoa, kwa sababu amri ni amri na mshahara ni mshahara. Halafu pikipiki zikaja, baiskeli zikauzwa kwa chuma chakavu, na miaka yangu ya kazi ikatimia. Nilipewa saa ya ukutani na soda.

Nilifungua kibanda sokoni Boito. Hapo nikakutana na kizazi kipya cha baiskeli, zile za resi zenye usukani uliojikunja na tairi jembamba, ambazo vijana wa timu wananunua mitumba. Ni vyombo vizuri. Kinachonikera ni washauri. Kila mwenye simu sasa ni mtaalamu. Gia ikiruka wanamwambia kijana abadilishe gia zote, za mbele na za nyuma. Ukiangalia, kumbe kile kipande kidogo kinachoshika gia ya nyuma kimepinda kidogo, au waya umeshika kutu ndani ya ganda lake. Nyoosha, badilisha waya, kwisha. Wengine wanapeleka baiskeli ioshwe kwa mashine ya presha pamoja na pikipiki, maji yanafukuza grisi yote kwenye gololi, halafu wanalia kwamba baiskeli ya mtumba haidumu. Haidumu vipi, na wewe ndiye unayeiua?

Mwaka jana alikuja msichana mmoja, mpanda baiskeli wa timu, mtu mzima mwenye mapaja ya kazi. Alikuwa na karatasi ya kocha wake yenye vitu vya kubadilisha kabla ya mashindano ya Jumamosi: magurudumu, gia, usukani, kiti. Mashindano hayo ndiyo yangeamua nani achukuliwe na timu ya kaunti, na njia yake ilipita mlima wetu, kupanda na kuteremka mara tatu.

"Mzee, hivi vyote siwezi kununua," alisema. "Niambie ni gani nikiacha sitaaibika."

Hilo ndilo swali la maana kuliko yote niliyoulizwa katika kibanda kile. Nikaichukua baiskeli. Magurudumu hayakuhitaji kitu ila kukaza spoki nne. Cheni ilikuwa imezidi kidogo, ile sehemu moja ya kumi na sita, kwa hivyo cheni mpya na sproketi abaki nazo. Waya mpya, maana ndicho kitu rahisi kuliko vyote na ndicho kinachobadilisha zaidi. Tairi jipya la mbele. Raba mpya za breki. Hapo ndipo niliposhuka kutazama, na mbele hapakuwa na breki, tundu la skrubu tu.

"Ya mbele iko wapi?"

"Baba aliitoa. Anasema itanimaliza."

"Baba yako ni nani?"

"Kirui. Wa ule mguu mbaya, hapo juu karibu na kanisa. Alikuwa karani wa mizani."

Nilikaa chini kwenye kigoda changu. Nilikuwa namwona Kirui kanisani miaka yote hiyo, na fimbo yake. Alikuwa ananisalimia vizuri, ananiuliza habari ya watoto, na kila mara nilikuwa na haraka ya kwenda mahali. Nikamwambia huyo binti, Chelangat, kwamba lazima breki irudi. Akatikisa kichwa.

"Bila ruhusa ya Baba siwezi. Yeye alianguka, mzee. Anajua."

Kwa hivyo tulipanda wote wawili, yeye akisukuma baiskeli. Kirui alikuwa ameketi mlangoni akipepeta maharagwe.

"Chamgei, Mogaka," alinisalimu. "Leo umepotea njia?"

Nikamwambia nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa nitazunguka. Nilimwambia kwamba breki yake niliitoa mimi, kwa amri. Kwamba Meneja aliniuliza nikajibu nusu. Kwamba baadaye nilipima kwenye mvua, nikaona, nikapeleka karatasi, nikatishwa, nikanyamaza. Chelangat alikuwa ameacha kuegemea baiskeli.

Kirui aliweka ungo chini. "Ulipata hatua ngapi?"

"Kwa ya nyuma peke yake, thelathini na moja."

"Na zote mbili?"

"Kumi na nne."

Alilisugua lile goti.

"Kutoka niliposhika breki mpaka darajani ni hatua ishirini," alisema. "Nilikwenda kuzihesabu nilipoanza kutembea na fimbo. Nilitaka nijue nilizembea wapi." Halafu akamgeukia binti yake. "Na nyinyi watoto nimewaambia miaka yote nilizembea."

Nilisema pole, neno dogo kiasi kwamba niliona haya kulitoa. Hakusema amenisamehe na sikumuuliza. Aliingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga, akaniwekea mkononi. Breki aliyoitoa kwenye baiskeli ya binti yake ilikuwa ndani, imefungwa kwa kitambaa chenye mafuta. Hata kitu alichokiogopa alikuwa amekitunza.

"Funga hapa nikiona," alisema.

Jumamosi Chelangat alimaliza wa nne, na walichukua watano. Kirui alikuwa amesimama kwenye kona mbaya ya mteremko, akimpigia kelele kwa Kikipsigis abane zote mbili.

Mikono yangu sasa inatetemeka na kibanda nimemwachia mwingine. Wiki chache baada ya mashindano nilikwenda ofisi ya kampuni kuomba lile neno lifutwe kwenye ripoti. Ofisa kijana alinipokea kwa adabu, akaniletea maji ya kunywa, akaniambia faili za wakati huo zilitupwa walipohamia kwenye kompyuta. Nikamuuliza, kama faili imetupwa, neno limekwenda wapi? Kirui kanyimwa kazi kwa neno hilo, kalea watoto chini ya neno hilo, leo naambiwa hakuna pa kulifutia. Aliniambia ananielewa. Haelewi kitu.

Basi naliandika hapa, ambapo hakuna meneja wa kunirudishia karatasi. Kirui, karani wa mizani wa Boito, hakuzembea. Breki yake ya mbele ilikuwa ndani ya sanduku, nzima, na niliitoa mimi kwa spana namba kumi.