Siku Nilipopewa Choo cha Uani

Baba yangu alikuwa fundi cherehani kwenye baraza moja Kariakoo, na miaka miwili ya mwisho alishona akiwa amekalia mto wa sufi ambao mama aliuvalisha kipande cha kanga. Mtaa mzima ulijua ni bawasiri. Hata yeye alisema bawasiri, akanywa dawa za mizizi, akataniana na wateja mpaka miguu ikakosa nguvu ya kukanyaga cherehani. Tulipomzika, aliyeuliza aliambiwa tumbo. Kwetu hilo lilikuwa jibu kamili.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne. Baada ya arobaini yake nikaondoka. Nimeuza viatu vya mitumba Mbeya, Tunduma, Kigoma, na kote huko nikisikia cherehani mahali najikuta nimesimama. Mwaka juzi nikarudi, nikapanga chumba katika nyumba ya Kiswahili iliyobaki katikati ya maghorofa, mitaa miwili kutoka kwenye baraza la baba. Vyumba sita, choo kimoja, kiko uani.

Nikiwa hapo, dada yangu mkubwa alinipigia simu kutoka Tanga. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana.

"Daktari kaniuliza baba alikufa na nini," alisema. "Nikamwambia tumbo. Akaniuliza, tumbo gani? Mdogo wangu, sisi tulijua tumbo tu. Nikamweleza ule mto."

"Akasemaje?"

"Kasema ndugu zangu wakapimwe, wasisubiri kuumwa. Sasa ndugu zangu ni nani kama si wewe?"

Nikamwambia nina safari ya Mbeya. Akasema Mbeya haihami. Nikasafiri hivyo hivyo. Alipopiga mara ya tatu alilia, na huyu ni mtu ambaye hata kwenye msiba wa baba sikumsikia akilia. Nikaenda hospitali, nikapangiwa siku.

Wangeingiza kamera nyembamba kupitia njia ya haja kubwa, waangalie utumbo wote. Hilo halikunitisha sana, kwa kuwa ningepewa dawa ya usingizi. Nilichoogopa ni siku ya kabla yake. Nesi alinipa dawa ya unga ya kuchanganya na maji mengi, itakayonisafisha mpaka nitoke maji matupu. "Ukae karibu na choo," alisema. Nikakiwaza choo chetu.

Nilianza kunywa saa sita mchana, wapangaji wengi wakiwa sokoni. Nilipotoka chooni mara ya nane, nilimkuta jirani wa chumba cha mbele, mama anayekaanga vitumbua, amesimama mbele yangu na dumu la maji yenye dawa ya kuua vijidudu.

"Simama hapo hapo, jirani. Usiguse kitu!"

"Kuna nini, mama?"

"Kuna nini! Mara ya nane hii, nimehesabu. Hiki kipindupindu, na mimi nauza chakula!"

Fundi simu wa chumba cha pili akachungulia. "Nimwite bwana afya?"

"Unangoja nini?"

Ningeweza kusema nimekula kitu kibovu. Maneno yalikuwa mdomoni tayari, ndiyo niliyorithi. Lakini bwana afya angekuja, ningepelekwa kutengwa pamoja na wagonjwa wa kipindupindu, na kipimo cha kesho kingenipita. Nikashika ukuta.

"Si kipindupindu. Ni dawa ya kusafisha tumbo. Kesho napimwa saratani ya utumbo. Dada yangu anayo. Baba yangu nadhani ndiyo iliyomuua."

Sikuwahi kulitamka neno hilo na neno baba kwa pumzi moja.

Mama yule akaweka dumu chini. "Sasa si ungesema tangu asubuhi! Tunakaa nyumba moja, unajificha kama mwizi wa kuku?" Akageukia vyumba, akapaza sauti. "Jamani, choo leo cha jirani! Mwenye shida aende cha kulipia kule sokoni!"

Na kweli walikwenda. Fundi simu akajaza pipa la maji. Mama akaisoma karatasi ya masharti niliyopewa na nesi, hakuna maziwa, hakuna kinywaji chekundu, akaenda kuninunulia madafu mawili. Kila nilipopita alihesabu kwa sauti.

"Kumi na nne! Bado rangi ya chai?"

"Maji matupu sasa, mama."

"Hongera!"

Nilicheka mpaka nikalazimika kurudi ndani mbio.

Asubuhi ilitakiwa nisindikizwe na mtu, kwa sababu ya ile dawa ya usingizi. Nilikuwa nimepanga kudanganya kwamba anakuja. Fundi simu hakufungua meza yake siku hiyo. Alikaa kwenye benchi la hospitali mpaka nilipoamka. Daktari alikuta vinyama viwili vimeota ndani ya utumbo, akavitoa hapo hapo. Majibu ya maabara yalisema havijawa saratani. Vingeachwa, vingeweza kuwa. Nirudi baada ya miaka mitatu. Tangu nizike baba sijakaa mahali miaka mitatu.

Dada aliposikia alisema Alhamdulillah, akarudia. Yeye bado anatibiwa.

Wiki iliyofuata fundi simu alinikuta bombani. "Kaka, ile karatasi ya masharti bado unayo? Mama yangu naye, tulipomzika tulisema vidonda vya tumbo. Nami nataka kupimwa."

Nilimpa. Kisha nikampigia mtu wangu wa Mbeya kumwambia viatu vitachelewa, maana kuna benchi la hospitali natakiwa kukalia. Mama wa vitumbua alipoambiwa fundi simu naye atapimwa, alitaka kujua jambo moja tu.

"Siku gani? Niwatangazie wenzangu mapema."