Wiski kwenye Mizani ya Dhahabu

Niliondoka Ushirombo asubuhi bila mpango. Sikuwa nimegombana na mtu, wala sikuwa nimeitwa popote. Niliamka tu nikagundua mbwa wa mtaa ule wameacha kunibwekea, na kwangu hiyo ni dalili kwamba nimekaa mno. Shule niliiacha darasa la sita kwa ugonjwa huohuo. Roli la mpunga lilipopunguza mwendo kwenye matuta, nikamuuliza dereva anakwenda wapi.

"Kahama."

"Basi ni kulekule," nikamjibu, nikapanda.

Mchana nilikuwa Nyahanga, mtaa wa Kahama, kwa mama ntilie, nakunywa chai, mwanamume mmoja alipokuja kusimama mbele yangu. Viatu vyake vilikuwa vimeng'arishwa, lakini suruali ilikuwa na tope hadi magotini.

"Habari, kijana. Mikono yako inatetemeka?"

"Shikamoo. Haitetemeki."

"Marahaba. Pombe unakunywa?"

"Nikipewa."

"Leo hupewi."

Ndivyo nilivyopata kazi ya kupakata chupa. Yeye aliendesha pikipiki, mimi nyuma nikaikumbatia wiski ya Kimarekani, ile wanayoiita bourbon, iliyofungwa ndani ya taulo kama mtoto mchanga. Kila tukifika kwenye shimo aliniuliza, "Mzima?" na nilijua haniulizi mimi.

Njiani alinieleza shida yake. Alikuwa na duara Mwakitolyo, yaani shimo lake la dhahabu. Walikuwa wameshaufikia mwamba wenye mali, wakauona kwa macho, kisha maji yakaingia. Sasa magogo yanayozuia kuta yalikuwa yanaoza ndani ya maji, na wachimbaji wake walikuwa wameanza kutazama maduara ya wengine. Pampu ndogo alizokodi zilishindwa. Pampu kubwa ilikuwa kwa mnunuzi mmoja wa dhahabu pale Kahama, imekaa uani, inatagiwa mayai na kuku. Ila mnunuzi huyo ndiye mwenyekiti wa waonjaji, kikundi cha kushindanisha vinywaji ghali, na Jumapili hazungumzi biashara na mtu yeyote isipokuwa aliyeshinda kwa kinywaji bora. Mshindi ndiye hukaa kulia kwake.

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine hapatikani."

Waonjaji walikutana baada ya misa, sebuleni kwa mwenyekiti. Kabati la vioo ambalo zamani lilikuwa la sahani za mke wake sasa lilikuwa la chupa, na kila chupa ilikuwa na taa yake ndogo. Niliuliza kwa nini hazijafunguliwa. Mwenyekiti akanitazama kwa huruma.

"Kijana, wewe si Msukuma? Ng'ombe wa baba yako alikuwa anachinjwa kila akitamaniwa? Mali inaangaliwa."

Walikuwa kama saba, wote watu wa dhahabu. Kila mmoja alizungusha glasi yake kama anavyozungusha karai la kuoshea dhahabu mtoni, akisubiri kitu kizito kibaki chini. Kisha walinusa. Mmoja alisikia vanila. Wa pili alisikia kiti cha gari jipya. Wa tatu alikuwa ameokoka, hivyo hanywi, ila pasta wake alikuwa hajasema lolote kuhusu kunusa. Huyo alinusa hadi macho yakawa mekundu, akatamka kwamba anasikia mbao. Mwenye duara wangu alikunywa kidogo tu, akafumba macho. Nadhani ni yeye peke yake aliyekuwa anaipenda. Chupa ile alikuwa ameitunza miaka, akisubiri siku ya mwamba.

Hukumu, hata hivyo, haikutolewa na ulimi. Ililetwa mizani, ileile ya dukani. Glasi moja ndogo ilijazwa hadi ukingoni kwa kila kinywaji, ikapimwa, ikaoshwa, ikajazwa tena. Mwenyekiti alieleza kwa utulivu: dhahabu safi ni nzito, iliyochanganywa ni nyepesi. Kwa nini wiski iwe na sheria nyingine?

Hakuna aliyepinga. Maisha yao yote yalikuwa yamejengwa juu ya ukweli huo.

Mwenye karasha, yule anayesaga mawe ya wenzake, alileta tekila yenye kizibo cha kichwa cha farasi. Ilimiminika polepole, nzito, ikijiburuta kama mafuta ya alizeti. Mizani ikainama. Wakapiga makofi. Ikaja bourbon yetu, kali kiasi kwamba kila aliyeionja alikohoa na kufuta machozi, na mizani ikapanda juu.

"Nyepesi," alisema mwenyekiti. "Imetiwa maji hii."

"Maji?" mwenye duara alinyanyuka. "Mwenyekiti, umelia machozi hapa sasa hivi!"

"Mimi hulia hata kwa kitunguu. Mizani haina undugu."

"Pole, bosi," mwenye karasha alimtania. "Maji yanakufuata. Kwanza duarani, sasa chupani."

Walicheka wote. Mwenye duara hakucheka. Aliitazama ile tekila ikishuka ubavuni mwa glasi, akaitazama muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo kwingine kote duniani lingemfanya aonekane mwendawazimu.

"Mmepima ya juu. Tangu lini mali ikakaa juu?"

Aliyeokoka akaitikia kwa kichwa taratibu. Mwingine akasema kweli, chupa imesafiri, lazima mali imezama. Mwenye duara akadai apimiwe upya. Mnunuzi akimnyima muuzaji kipimo cha pili, huku kwetu huitwa mwizi, na mwenyekiti alilijua hilo kuliko wote.

"Haya, kaitikise."

Tulikwenda jikoni. Mke wa mwenyekiti alikuwa anakata nyanya.

"Shemeji, asali ipo?"

"Kifua kinakuuma?"

"Moyo."

Mama yule aliitazama chupa, akanitazama mimi, akasogeza kibuyu cha asali bila swali la pili. "Mimi nakata nyanya," alisema. "Ila ukikaa kulia kwake, mkumbushe sahani zangu zinalala kwenye boksi."

Mwenye duara alimimina funda moja kwenye kifuniko, akalinywa hivyohivyo, kabla halijachanganywa. Halafu akatia asali. Alikoroga kwa mpini wa kijiko kirefu, uso wake ukiwa kama wa mtu anayemfunga kamba ng'ombe aliyemlea mwenyewe.

Mizani ilipoinama, iliipita tekila ya farasi.

"Si mnaona!" alisema mwenyekiti. "Mali ilikuwa chini."

Wakaonja tena. Safari hii hakuna aliyekohoa. Walisema sasa imefunguka. Vanila ilisikika hadi kwa waliokuwa hawajaisikia. Mwenye duara alipewa glasi iliyojaa, heshima ya mshindi, akainywa yote akitabasamu kama anayemeza dawa ya minyoo mbele ya daktari. Chupa ikawekwa kabatini chini ya taa yake, kwa kuwa ya mshindi hairudi nyumbani. Akaitwa kulia.

"Sema."

"Maji, mwenyekiti. Na mama anaulizia sahani."

"Sahani tutazungumza. Pampu ichukue leo. Ukiufikia tena mwamba, tutagawana kama wanaume."

Kuku walifukuzwa, pampu ikapandishwa kwenye pikapu. Mwakitolyo sikuwa nimewahi kufika, basi nami nikapanda. Tulifika jua bado lipo. Wachimbaji wawili walikuwa tayari wamefunga mabegi. Walipoiona pampu wakayaweka chini, wakavua mashati. Ilikohoa mara kadhaa, ikaunguruma, na bomba likatapika maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mwenye duara alichuchumaa ukingoni akayatazama yakishuka hadi gogo la kwanza likaonekana, jeusi, bado limeshika ukuta. Nilimwacha pale nikaenda kutafuta pa kulala.

Gesti ya kwanza niliyoiona ilikuwa ya mabati matupu. Mama mwenye nyumba alinisogelea, akaninusa shati.

"Mlevi?"

"Hapana, mama. Nimepakata tu."

"Visingizio nimesikia vingi, hicho kipya. Chumba kipo, ila ukuta wake uko upande wa ile pampu."

Nikasema nakitaka hichohicho. Alinipa kufuli na ndoo tupu, akaniambia maji ya kunawa miguu nikakinge kule kwenye bomba la pampu, leo yanatoka bure.